Ndoo Moja ya Mifupa Myeusi

Nyamazeni kidogo, na wewe mwenye majibu ya haraka yaweke chini ya mkeka uyakalie. Hadithi hii haitaki mjuaji. Nimekwisha kuwaona watu wazima wakiikatia hukumu kabla haijafika katikati, na ilipofika mwisho wakaanza kutazamana.

Maji ya Kilorito ni matamu. Naanza na utamu kwa sababu ndiko uchungu uliko. Yanatoka visima virefu, ni baridi, yanang'aa, na mgeni akinywa kikombe kimoja huomba cha pili. Lakini ndani yake kuna floraidi, madini yasiyoonekana kwa jicho wala kuonjwa kwa ulimi. Ikiwa kidogo hulinda meno, ikizidi huyala. Mtoto anayekua kwa maji hayo huota meno ya kahawia, na wengine miguu huwapinda wakawa na matege kabla hawajajua kukimbia. Watu wa Kilorito wamezoea. Mnadani hutambuana kwa kucheka tu.

Katika sekondari ya kijiji hicho alifundisha mwalimu wa kemia aliyeitwa Aikande, binti wa upande wa pili wa mlima, walikojaaliwa maji ya chemchemi. Siku yake ya kwanza darasani, kabla hata hajaandika tarehe ubaoni, msichana mmoja alimwuliza, "Madam, hayo meno ulinunua wapi?" Darasa likaangua kicheko, viganja vikiwa midomoni, maana huko watoto hucheka wamejifunika. Aikande alicheka nao. Ila tangu siku hiyo naye akawa anajifunika, kwa aibu ya kuwa na meno meupe.

Maabara ilikuwapo, msidhani haikuwapo. Ilikuwa na meza ndefu, masinki mawili, na magunia ya mahindi ya shule yaliyopangwa hadi darini. Kwa hiyo kemia ilifundishwa kwa chaki. Chora chupa. Chora moto chini ya chupa. Andika "mvuke" kwenye mshale. Aikande alifundisha hivyo miaka minne mpaka akajichukia. Mwaka wa tano akafungua kishikwambi chake cha kazi, akawaonyesha wanafunzi wa kidato cha nne filamu fupi: mifupa ya ng'ombe ikichomwa ndani ya chombo kilichozibwa, pasipo hewa, huwa mkaa mweusi, na mkaa huo ukiwekwa kwenye maji huinasa floraidi.

"Maji ni yenu, mifupa ni yenu, mikono ni yenu," aliwaambia. "Mwaka huu hatuchori."

Walijitokeza arobaini. Harufu ya mfupa unaoungua mnaijua? Kama hamuijui mshukuruni Mungu. Wiki ya pili walibaki kumi, wiki ya tano walibaki watatu. Aikande akawapa hao watatu ahadi, na ahadi ni deni: "Tutachoma mapipa matatu, tutapata ndoo tatu. Atakayefika mwisho ataondoka na ndoo yake nyumbani." Sasa niwaonyeshe hao watatu, kila mmoja na alichojaaliwa.

Loserian alijaaliwa moto. Kwao wanachoma mkaa tangu babu, na yeye alisoma moshi kama wengine wanavyosoma gazeti. Nyumbani alikuwa na mdogo wake, Lemali, wa miaka mitatu, ambaye miguu yake ilikuwa imeshaanza kupinda.

Elinami alijaaliwa macho. Ungemletea kanga mbili za duka moja angekuambia ipi imekaa juani siku moja zaidi. Nyumbani alilea mtoto wa marehemu dada yake, Furahini, wa miaka miwili, na kwao wanachota bomba la mwisho, la kisima cha pembeni, lile lenye maji makali kuliko yote.

Shamsa alijaaliwa neno. Si umbea, jamani, ni neno linalosadikiwa. Baba yake, Mzee Sefu, ndiye mchinjaji wa Kilorito, na kila bucha, liwe la Muislamu au la Mkristo, humpa yeye kisu ili kila mtu ale bila wasiwasi. Nyumbani Shamsa alikuwa na mdogo wake, Twaha, aliyekuwa bado ananyonya. Maji ya kisima yalikuwa bado hayajamgusa.

Kazi ikaanza, na ilianza kwa Shamsa. Tangu Januari alipita machinjioni kabla ya kwenda shule, akachagua mifupa ya mapaja, minene, akaikwangua nyama na kuianika juu ya paa la choo cha shule ambako mbwa hawafiki. Moshi wa kwanza wa majaribio ulipopanda, kijiji kilisema mwalimu wa kuja anachoma mifupa ya watu, na mwenyekiti akaitisha mkutano. Shamsa akasimama mbele na baba yake. "Kila mfupa ulioko shuleni, mwenye nao alichinjwa na huyu mzee kwa bismillahi," alisema. "Hakuna kibudu, hakuna punda, hakuna mbwa, wala hakuna babu yenu." Watu wakacheka, wakarudi makwao. Bila Shamsa mifupa isingekusanyika, na hata ingekusanyika, hakuna mzazi ambaye angempa mwanawe maji yaliyopita humo.

Kisha kazi ikaenda kwa Loserian. Mfupa ukipata hewa huwa majivu meupe yasiyonasa kitu, ukikosa moto wa kutosha hubaki na mafuta yanayonukisha maji. Katikati ya hayo mawili pana njia nyembamba, nayo haina kipimo isipokuwa moshi. Alikaa mbele ya mapipa bila kula, akingoja moshi mweupe uishe, wa manjano uje uondoke, na ule mwembamba wa samawati uanze. Hapo akaziba kila ufa kwa udongo aliochanganya na samadi ya ng'ombe, kwa sababu udongo mtupu hupasuka ukikauka. Bila Loserian wangekuwa na chokaa tu.

Na kazi ikaenda kwa Elinami. Mtafiti mmoja aliyepita shuleni aliwaachia kichupa cha dawa nyekundu, ambayo ikikutana na floraidi hufifia na kuwa manjano. Lakini nyekundu ipi, manjano ipi? Elinami alitoboa kasha la viatu, akaweka tochi upande mmoja na kishikwambi cha mwalimu upande wa pili, akakifanya kisome rangi na kuigeuza kuwa namba. Kikamdanganya wiki nzima, maana kamera hujirekebisha yenyewe mwanga ukibadilika. Akaligundua hilo peke yake, akabandika karatasi nyeupe ndani ya kasha ili kamera iwe na cha kulinganisha. Ni yeye aliyethibitisha kwamba mkaa upondwe uwe sawa na punje za mtama, na maji yakae humo tangu jioni hadi asubuhi. Bila Elinami wasingejua kama wananywa dawa au wananywa masizi.

Mnaona basi. Ukimwondoa mmoja, hakuna kitu. Aikande alikuwa akiwatazama watatu hawa wakibishana juu ya punje na moshi, akajisikia mwalimu kwa mara ya kwanza maishani mwake. Nawaambia alikuwa na furaha, ili mjue kilichofuata kiliangukia wapi.

Siku ya kuchoma mapipa matatu ya mwisho, yenye mifupa yote iliyobaki, Loserian alimaliza kuziba alfajiri. Saa nne asubuhi ujumbe ukaingia kwenye kundi la simu la walimu kutoka kwa afisa elimu: kila shule irushe picha za masomo ya vitendo kabla ya saa sita mchana, na shule isiyorusha ijieleze kwa maandishi. Mnajua kujieleza kwa maandishi kunavyowaogopesha walimu. Aikande akamtazama Loserian, amejaa masizi mpaka kwenye kope.

"Nenda nyumbani ukaoge, uvae shati jeupe," akamwambia. "Utatokea kwenye picha."

"Madam, yale mapipa yana moto bado. Yasiguswe mpaka kesho jioni."

"Najua, Loserian. Nani alikufundisha habari za oksijeni?"

Kijana akacheka, akajifunika mdomo, akaondoka. Kwao ni mbali. Saa sita kasorobo alikuwa hajarudi, na picha ya mapipa yaliyofungwa ilionekana picha ya mapipa tu, kama mtu anataka kupika pombe. Aikande alitaka mifupa myeusi ionekane. Akafunua pipa la kwanza, moshi ukaharibu picha. Akafunua la pili, picha ikatoka safi sana. La tatu hakulifunua kwa sababu hakulihitaji tena. Akarudisha mifuniko, akakoroga udongo kwa maji ya ndoo, akaziba. Asiyejua kemia angeogopa kugusa. Yeye aliyeijua alijiambia dakika moja haina neno.

Ule udongo haukuwa na samadi. Ulikauka, ukapasuka, na hewa ikaingia taratibu hadi kesho yake.

Kwenye kundi la simu picha ilipata vidole gumba kumi na saba. Afisa elimu aliandika, "Hongera sana, mfano wa kuigwa." Loserian alipotokea na shati lake jeupe, mwalimu alimwambia picha zimekwisha kurushwa, akamrudisha nyumbani kabla hajayakaribia mapipa.

Jioni ya siku ya pili Loserian akabandua udongo haraka haraka, akafungua mapipa. La tatu lilikuwa jeusi, zuri, linalia kama vigae ukiligonga. La kwanza na la pili yalikuwa meupe pe. Akachukua mfupa mmoja, ukavunjika mkononi kama chaki. Akautazama ule unga kwenye kiganja chake, kisha akamtazama mwalimu.

"Nimekosea wapi, Madam?"

Jamani, mdomo ulikuwa pale pale usoni pake. Ulimi ulikuwapo. Aikande akasema, "Moto ni moto, Loserian. Huwezi kuuweza siku zote."

Elinami akatumia matone ya mwisho ya dawa. Maji ya mkaa mweupe yakaifanya ififie papo hapo. Maji ya mkaa mweusi yakaiacha nyekundu. Kichupa kikaisha. Yule mtafiti alipopigiwa, namba yake haikupatikana. Shamsa akaenda machinjioni kuanza upya, na Mzee Sefu akamwambia ukweli wote kwa sentensi moja: "Mwanangu, mifupa yote sasa ina mwenyewe." Mfanyabiashara wa chakula cha kuku alikuwa amefunga mkataba na machinjio, anabeba kila kitu mpaka kwato. Ndiyo ile waliyosema wazee, kuku wa maskini hatagi, akitaga haangui, na akiangua halei, akilea huchukuliwa na mwewe.

Na kijiji nacho hakikukaa kimya. Kilisema kijana wa mkaa amezoea magogo, mifupa imemshinda. Kijiji kilisema hivyo wiki tatu, na wiki tatu Aikande alisikia, akasahihisha madaftari.

Ikafika siku ya mwisho ya shule kwa kidato cha nne. Darasani palikuwa na watu wanne na ndoo moja yenye koki, ndani yake kilo nne za mkaa wa mifupa. Kesho watatu hao wangetawanyika. Elinami akaenda ubaoni bila kuambiwa, akapiga hesabu.

"Mkaa una mwisho," alisema. "Ukishashiba floraidi haunasi tena. Akinywa mtoto mmoja, lita moja na nusu kwa siku, unamfikisha miezi ishirini. Wakinywa watatu, miezi saba. Baada ya hapo wanarudi kisimani."

"Miezi saba si bora kuliko sifuri?" aliuliza Aikande. Alijua sauti yake inaomba.

"Miezi saba haimwondoi mtu hatarini, Madam. Jino linajengwa miaka. Ulitufundisha mwenyewe."

Kisha Loserian akasimama, akashika kofia yake kwa mikono miwili.

"Mimi sistahili," alisema. "Moto wangu ndio ulioharibu mapipa mawili. Chagueni ninyi wawili. Lemali nitamweleza akikua."

Shamsa akainamisha macho, hakupinga. Elinami naye hakupinga. Hapo ndipo Aikande alipoona kwamba shauri lilikuwa linakaribia kwisha, na linaisha kwa uongo wake. Angenyamaza tena, watatu wangekuwa wawili, na mzigo wake wa kuamua ungepungua kwa theluthi. Alilitaka hilo. Sitawaficha, kwa pumzi moja nzima alilitaka.

"Ni mimi," akasema. "Nilifunua mapipa mawili siku ya picha. Niliziba kwa udongo mtupu. Moto wako haukukosea."

Loserian akaishusha kofia.

"Haukukosea?"

"Haukukosea hata kidogo."

"Wiki tatu baba hajaniruhusu kugusa tanuri, Madam. Wiki tatu ananiita mkono wa maji." Akakaa chini. Hakulia. Ingekuwa nafuu kama angelia.

Aikande akaanza kuomba msamaha, akachanganya maneno, akaanza tena. Ni Shamsa aliyemkata, na alimkata kwa heshima, maana ni mtoto aliyelelewa.

"Madam, asante kwa kusema. Lakini kusema kwako hakujaongeza ndoo."

Kweli, haikuongezeka. Ilikuwa moja, na sasa wenye haki walikuwa watatu tena. Wakaanza kubishana, na mabishano ya watu wanaopendana ni mabaya kuliko ya maadui, kwa sababu kila mmoja anajua pa kugonga.

"Furahini anakunywa bomba la mwisho," alisema Elinami. "Nimelipima mimi. Namba yake ni mara mbili ya mabomba yenu. Anayeungua zaidi ndiye anayezimiwa kwanza."

"Lemali ameshaanza kupinda," alisema Loserian. "Hao wenu wako hatarini. Wangu anaumwa."

"Maji mema hayanyooshi mfupa uliopinda, Loserian. Nisamehe, lakini ni hivyo," alisema Shamsa. "Twaha ndiyo kwanza anaachishwa ziwa, hajaonja. Ukimpa Twaha, unamwokoa mtoto mzima. Ukimpa Lemali, unaokoa kilichobaki."

"Kilichobaki!" Loserian aliinuka. "Usiponipa, kitabaki nini?"

"Na Twaha akianza leo kunywa kisima, mwakani utasema naye ni kilichobaki?"

"Kwenu mna punda wawili," Elinami akamgeukia Shamsa. "Mnaweza kwenda kuchota mbali. Mimi nina kichwa changu tu cha kubebea."

"Punda ni wa machinjio, si wetu, na wewe unalijua hilo."

Aikande alisikiliza. Kila mmoja alisema kemia vizuri kuliko yeye alivyowahi kuifundisha. Mkaa hushiba, mfupa hukua, kipimo kikizidi hudhuru, kilichopinda hakirudi. Hakuna sentensi iliyokuwa na kosa, na kila sentensi ilikuwa inamnyima mtoto mmoja maji. Akatamani wangekuwa bado wanachora chupa. Akajuta kutamani hivyo, kisha akatamani tena.

"Tupige kura basi," alisema hatimaye. "Vikaratasi vitatu."

"Kura ni ya watu wasiojua," alisema Loserian. "Sisi tunajua. Wewe ndiye uliyetufanya tujue. Amua."

"Mimi? Mimi niliyeharibu?"

"Ndiyo," alisema Elinami. "Wewe huna mtoto kisimani."

Shamsa akaisogeza ndoo katikati ya meza, akaondoa mikono yake. Wengine wawili wakarudi nyuma hatua moja. Nje mlinzi alikuwa anafunga madarasa, mlango kwa mlango, na funguo zake zilisikika zikikaribia. Watatu wale walimtazama mwalimu wao, na hakuna aliyejifunika mdomo. Aikande akainuka. Akauweka mkono kwenye mpini wa ndoo, na mkono ukakaa hapo.

Mimi naishia hapo, kwa sababu sijui zaidi, na anayesema anajua amejitungia. Kuna wanaosema apewe Shamsa, kwa kuwa mtoto wake peke yake ndiye anayeweza kuokolewa mzima. Kuna wanaosema apewe Elinami, kwa kuwa bomba lake ni kali. Kuna wanaosema apewe Loserian, kwa kuwa alidhulumiwa mara mbili, lakini wengine huwajibu kwamba mtoto hanyweshwi maji ili kufuta dhambi ya mwalimu. Kuna wanaosema wagawane miezi saba saba na wote watatu warudi kisimani pamoja. Na mama mmoja aliniambia Aikande hana haki ya kuamua lolote, kisha nilipomwuliza aamue nani, akajitwika mzigo wake akaenda zake.

Haya, yatoeni sasa yale majibu mliyoyakalia. Msijibu kwa kichwa tu, jibuni mkiwa mnawatazama wale wawili mtakaowanyima, na mkumbuke nyumbani kuna wadogo ambao hawajui lolote la mapipa wala picha, nao jioni hii watashika kikombe. Mlinzi amefika mlangoni. Je, wewe ungemkabidhi nani?